Kazi ya dharura ina raha gani? Jibu kwa kijana wa Kasulu

Kuna kijana kaniandikia toka Kasulu, mkoa wa Kigoma, swali lake nalifupisha. Kamaliza diploma ya uuguzi, leseni anayo, anasubiri ajira za serikali, sasa kaambiwa anaweza kujitolea kitengo cha dharura na siku zingine atasindikiza wagonjwa wa rufaa kwenye ambulansi. Baba yake hataki, anasema bora akakae dukani kwa mjomba kuliko kwenda kukesha na kuona maiti bila hela. Anauliza, "Shikamoo dada, wewe uko huko siku nyingi, niambie ukweli, kuna faida gani hasa?"

Marahaba mdogo wangu. Hela nianze nayo niimalize haraka maana haina mengi. Muuguzi wa dharura analipwa kwa daraja lake kama muuguzi wa wodi yoyote ile, hakuna mshahara wa dharura. Kuna posho ya kuitwa usiku na posho ya safari ukisindikiza rufaa, ila hizo zinategemea mapato ya kituo na saa ingine zinakuja wakati umeshasahau hata safari yenyewe ilikuwa ya nani. Wewe wa kujitolea ukipewa nauli na chakula cha zamu shukuru. Kwa hiyo kwenye hilo mzee wako yuko sahihi na wala usibishane nae, mkubalie tu.

Sasa tuje kwenye raha. Watu wakisikia dharura wanafikiria kuokoa maisha, yaani kila siku unamrudisha mtu toka kaburini, ndugu wanalia wanakukumbatia. Ukiingia na hiyo picha kichwani miezi miwili mingi utakuwa umekata tamaa. Hiyo ipo lakini ni ya siku mojamoja. Raha ya kila siku ni kwamba mgonjwa umemkuta na hali fulani, na umemkabidhi hajaharibika zaidi ya pale, au kapata nafuu kidogo. Basi. Ukijua kuitambua hiyo, utaipata karibu kila zamu.

Nikupe mfano wa ile siku mojamoja kwanza maana najua ndo unayoitaka. Mtoto wa mwaka na nusu hivi, malaria kali, na si unajua mkoa wetu huu kwa malaria, analetwa na mama kwenye bodaboda kafungwa kwenye kitenge, macho yamegeuka juu, ameshadegedeka njiani. Mama analia anasema mwanangu kafa. Unaweka njia ya hewa sawa, oksijeni, unamtoboa kidole unaweka tone kwenye glukomita, kile kipima sukari, inasoma 1.6. Sukari imeshuka. Glukosi iliyopo kabatini ni ile nzito ya asilimia 50, ambayo mshipa wa mtoto huwezi kuusukumia hivohivo, kwa hiyo unavuta mililita 10 zake unachanganya na mili 40 za maji ya sindano, unapata mili 50 za asilimia 10, na dozi ni mili 5 kwa kila kilo, na huyu ana kilo 10, yaani imetosha kabisa hakuna kilichobaki. Unasukuma polepole. Dakika chache mbele yule mtoto anaanza kulia, analia kwa hasira kweli, anamtafuta mama yake, anataka kung'oa kanula. Hapo bado malaria yenyewe hujaigusa, atesuneti, dawa yake ya sindano, ndo unaipigia hesabu sasa, mili gramu 3 kwa kilo kwa sababu yuko chini ya kilo 20. Lakini yule mama keshaamini. Mi nakwambia hakuna wodi nyingine utakayoona kitu cha hivo, kule wodini mgonjwa anapona siku tano, anapona kidogokidogo mpaka hata hujui ni lini. Dharura unaona kwa macho yako kwamba hiki nilichofanya ndo kimeleta hiki.

Na angalia hapo hakuna mashine ya maana. Ni glukomita, sindano, na kichwa kinachojua hesabu ya kuchanganya saa nane usiku.

Ile raha ya pili, ya kila siku, haina kelele. Kigoma watu wanaanguka kwenye michikichi. Mtu yuko juu anakata mikungu, mguu unateleza, anashukia mgongo. Ndugu zake wakimpenda sana ndo wanamuumiza zaidi maana wanamnyanyua makwapani na miguuni, wanamkunja, wanamkalisha katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Ukimpata kabla hawajafanya hivo, unamuuliza unaumwa wapi, unamwambia chezesha vidole vya miguu, vinacheza. Unaita watu wanne, mmoja ashike kichwa na shingo tu na yeye ndo ahesabu, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo, ubao unaingia chini, mnamfunga. Barabara na matuta yake yote, kila mkisimama unamwambia tena chezesha vidole. Mnafika, unamwambia daktari mbele yake, chezesha vidole, vinacheza. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekushukuru, mwenyewe analalamika ubao mgumu. Lakini we unajua. Hivo vidole ungeweza kuvipoteza njiani na usingelaumiwa na mtu, wangesema ni kuanguka.

Au mama katoka damu nyingi baada ya kujifungua, anapewa rufaa. Keshapigwa oksitosini ya kukaza mji wa mimba, dripu mbili zinakimbia, na kama hazijapita saa 3 tangu ajifungue keshapewa na traneksamiki ya kusaidia damu igande, wewe kazi yako nyuma ya gari ni kukanda mji wa mimba usilegee, unaangalia pedi, unapima presha, unakanda tena, mkono unakufa ganzi unabadilisha mkono. Toka kwenu Kasulu mpaka Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kigoma mjini, ni safari ndefu ya kukanda. Presha ulimchukua nayo 80 kwa 50, umefika nayo 90 kwa 60. Kwa mtu wa nje hizo ni namba tu. Kwako ndo mshahara wa siku hiyo.

Wazee wa afya ya uzazi huwa wanasema mama anakufa kwa kuchelewa kwa aina tatu, kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Zamani sisi wa kituoni tulikuwa tunashughulika na hiyo ya tatu tu, zile mbili tulikuwa tunazisikia kwenye maelezo ya ndugu. Sa hizi kuna m-mama, ile namba 115 ya bure ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ilianzia Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 serikali ikasaini makubaliano ya kuipeleka nchi nzima. Anayepokea simu anauliza maswali ya dalili, mfumo unamwonyesha kituo cha kumpeleka na gari lililo karibu, ambulansi ikiwa mbali anapigiwa dereva jamii, yaani mwananchi wa kawaida mwenye gari lake aliyeingia mkataba, akifikisha mgonjwa hela yake inaingia kwenye simu. Nakueleza hivi kwa sababu wengi wanadhani dharura ni kushika sindano tu. Yule anayepokea simu naye ni mtu wa dharura, na yule dereva wa probox aliyetoka kitandani saa tisa usiku akapita matope ya masika naye ni mtu wa dharura, na ukishakaa nao utaona wanavojivunia, dereva anakusimulia yule mama niliyemleta juzi mtoto wake wamempa jina langu. Kama ni kweli au anatia chumvi sijui, lakini anakuja na uso wa furaha.

Na huku kwetu kuna ziwa. Vijiji vya ufukweni mwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma mjini, upande wa Uvinza, kule Buhingu na Kalya, mgonjwa saa nyingi anakuja kwa boti, na ziwa likichafuka boti haliondoki, mnakaa nae ufukweni mnasubiri. Hapo ndo utajua kituo kidogo chenye watu wawili wanaojua kazi kina thamani kiasi gani, maana huna pa kumkimbizia. Ukipangiwa huko usikatae moja kwa moja. Utajifunza kuliko aliyebaki mjini anayeandika rufaa kila kitu.

Sasa nikwambie kitu ambacho wengi hawaambiwi na ndo kinawafanya waione kazi hii haina raha. Dharura inakupa nusu ya habari. Unampokea mtu, unamtuliza, anapanda wodini au anapanda gari, anatoweka. Hujui aliishia wapi. Waliokufa mikononi mwako unawajua wote, waliopona hujui hata mmoja kwa sababu wamepona mbali na wewe. Kaa hivo mwaka mzima, kichwani kwako watakuwa wamejaa maiti tu, utasema kama mzee wako kwamba hii ni kazi ya kuona maiti. Wakati ukweli wengi sana walitoka wakitembea kwa miguu yao ila wametokea mlango mwingine.

Kwa hiyo fuatilia. Hii ndo nakusisitizia kuliko yote. Kesho yake zamu ikiisha pita wodini dakika tano uliza yule mtoto wa degedege yukoje, utamkuta anakula uji anakukimbia. Ulimsindikiza mtu Kigoma mjini, chukua namba ya simu ya nesi uliyemkabidhi, siku ya pili mpigie. Weka kidaftari, andika tarehe, tatizo, ulifanya nini, na baadae iliishaje. Usiandike majina ya wagonjwa humo, namba ya faili inatosha. Hiki kidaftari kina kazi mbili, kinakupa ile nusu ya pili ya habari, alafu kinakufundisha, maana utakuta saa ingine ulidhani mtu ana malaria kumbe walivompasua ilikuwa utumbo umetoboka kwa taifodi. Siku ingine mgonjwa anayefanana nae akija utamwangalia tumbo mapema.

Hapohapo niseme, picha za majeruhi kuweka status ya wasapu ni ushamba na ni kosa. Nimeona vijana wanapiga selfi na ajali. Mtu kapasuka kichwa we unatafuta mwanga mzuri. Usiwe hivo.

Faida nyingine ni ujuzi, na huu unakaa nao maisha yako yote. Dharura inakupangia kichwa. Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu walitoa mwaka 2018 mafunzo ya msingi ya huduma ya dharura, ni ya siku tano hivi, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoyajaribu mwanzoni. Msingi wake ni mpangilio mmoja tu, njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, alafu mfunue uone mwili mzima. Awe kang'atwa na nyoka, kadungwa na nyuki akavimba koo, kagongwa na bodaboda, kajifungua njiani, unaanza palepale. Ukishauzoea hata nyumbani mtu akianguka wote wanapiga kelele, wewe peke yako unajua cha kwanza ni nini. Utaona na tabia yako inabadilika, vitu vya kijinga vinaacha kukukasirisha.

Lakini ujuzi bila mazoezi unaota kutu. Kuna utafiti mkubwa ulitoka Februari 2025 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, ulifanyika hapahapa Tanzania, vituo 30 katika mikoa 5 na majirani zetu Tabora wamo. Wakunga walikuwa wanafanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia mdoli, kumpumulisha mtoto mchanga asiyelia, kuzuia damu ya mama, hapohapo kazini kwao, wakiwa na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kwa karibu asilimia 40 na vya akina mama kwa karibu asilimia 75. Hawakuletewa madaktari bingwa toka nje, ni wakunga walewale na vituo vilevile. Kwa hiyo ukifika kituoni kwako uliza kuna mdoli wa mazoezi? Vituo vingi upo, umefungiwa stoo na funguo anayo mtu aliyehama. Utoe. Fanya na wenzako kila wiki dakika kumi, mtoto asipolia umpe hewa kwa ambu bagi, ule mfuko wa kupumulishia, ndani ya dakika ya kwanza, na mikono izoee mpaka isiulize.

Kuhusu kupanda, fani hii kwetu bado changa na hiyo ni nafasi. Idara ya dharura ya kisasa Muhimbili ilifunguliwa 2010, na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapo Muhimbili, wakaanza kufundisha madaktari bingwa wa dharura. Alafu zile hela za IMF za kipindi cha Uviko, trilioni 1.3, sehemu yake ilijenga majengo ya EMD, yaani idara za dharura, kwenye hospitali nyingi za wilaya na mikoa. Majengo yapo sasa, watu waliosomea kuyaendesha wachache. Muuguzi mwenye uzoefu wa kweli wa dharura akiomba kusoma zaidi, mfano uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, ana cha kuongea kwenye usaili. Hata migodi na mashirika yanayohudumia wakimbizi hukohuko kwenu Nyarugusu wanamtafuta mtu aliyeshika kazi kwa mikono, si cheti tu.

Ubaya wake nisiufiche. Watu watakufa na wewe umefanya kila kitu sawa, na wa kwanza akiwa mtoto itakuuma sana. Ndugu watakutukana, walevi watataka kukupiga, mtu kakaa na mgonjwa nyumbani siku nne kwa mganga akifika kwako anataka dakika mbili. Utakosa harusi na sikukuu. Kuna zamu gari lipo mafuta hakuna, mgonjwa anahesabu pumzi mnachangishana na ndugu zake, hiyo nimeiona kituo kimoja sitakitaja na inakera kuliko kifo chenyewe. Mkipoteza mgonjwa msitawanyike tu kila mtu na simu yake, kaeni dakika chache semeni nini kilienda sawa na nini hapana, bila kutafuta wa kumtupia lawama. Timu inayofanya hivo watu wake wanadumu. Na ukianza kuota wagonjwa kila usiku, au kunywa ili ulale, ongea na mtu mapema, usijifanye chuma.

Raha ya timu nayo, karibu niisahau. Wanaokesha pamoja wanakuwa ndugu. Saa kumi alfajiri wodi imetulia, mtu katoa migebuka ya kukaanga kwenye hotpoti, dereva, mlinzi, daktari na mfagiaji mnakula bakuli moja mnacheka jambo ambalo ukimsimulia mtu wa nje ataona nyie mmechanganyikiwa. Huko dukani kwa mjomba utapata hesabu nzuri ya faida na hasara, hiyo hutaipata.

Kwa mzee wako usiende na hotuba ya wito. Mwambie baba nipe miezi sita, siku za mapumziko nitakaa dukani, ajira zikitoka nitaomba nikiwa na uzoefu. Baba wa Kiha akisikia kuna mpango na kuna muda wa mwisho anakusikiliza.

Ila kabla hujasema ndio kwa hicho kituo, nenda ukaulize mambo machache na uyaulize kwa mfawidhi mwenyewe, siyo kwa rafiki yako. Utaandikiwa barua ya kujitolea? Bila barua likitokea tatizo hutambuliki. Zamu utapangwa na muuguzi mzoefu au utaachwa peke yako? Wa kujitolea akiachwa peke yake dharura usiku, kataa, hata kama wanakusifia. Glavu, miwani ya kujikinga na boksi la sindano vipo kila zamu? Ukijichoma sindano ya mgonjwa dawa za kinga unazipata wapi, maana zinatakiwa uanze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora. Chanjo ya homa ya ini B kama hujachanjwa anza sa hivi kabla ya zamu ya kwanza, ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya hiyohiyo ya kwanza. Na ukisindikiza rufaa nani analipa chakula na unarudije, kwa sababu kuna vijana wameachwa mjini Kigoma saa saba usiku, gari limegeuza na dharura nyingine, mfukoni hawana kitu, wamelala kwenye benchi la wagonjwa wa nje na sare zao. Hilo la kurudi usione aibu kuliuliza mbele ya watu.